Msitupatie ruzuku mtakayoing'oa kesho

Binamu yangu ni fundi wa sola, na wiki iliyopita alinipigia simu sauti ikiwa imemshuka. Mteja wake, mwalimu mstaafu, ameahirisha kazi. Paneli nane zimeshanunuliwa, vyuma vya kuzibebea vimeshakatwa kwa vipimo vya paa lake, inveta, kile kifaa kinachoufanya umeme wa paneli utumike nyumbani, bado imo kwenye boksi. Kisa? Mwalimu alisikia redioni kwamba serikali inafikiria kubadili kodi ya vifaa vya sola. Hakuambiwa kama itapanda au itashuka. Neno "inafikiria" lilimtosha.

Huyo mzee namfahamu. Siku binamu alipokwenda kupima paa nilimsindikiza. Ana daftari la hesabu ambamo ameandika uniti alizotumia kila mwezi kwa miaka mitatu, kalamu ya bluu kwa uniti, nyekundu kwa pesa. Aliitikia shikamoo zetu, akalifungua mezani, akashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka chini ya ukurasa, halafu akauliza: "Wanangu, hesabu hii itasimama hivi hivi mwaka kesho?"

Binamu alibaki kutazama mita ukutani. Ufundi anao, ila swali lile halimo kwenye ufundi wake. Mimi nimeondoka nalo na halijanitoka.

Kila mjadala wa sola za nyumbani unaishia kwenye ukubwa wa ruzuku: iwe asilimia ngapi, kodi ipi isamehewe, nani alipwe kiasi gani kwa umeme wa ziada anaoupeleka kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa wote. Nami nasema ukubwa unakuja baadaye. Mwenye nyumba anaweza kuvumilia ruzuku ndogo, na wengine hufunga sola bila ruzuku yoyote. Asichoweza kukivumilia ni sheria inayobadilika akiwa ameshatoboa paa.

Na kutoboa ni kutoboa kweli. Fundi akishapitisha drili, akaweka mpira na gundi ya kuzuia maji, akakaza skrubu, hapo huna pa kurudi. Jenereta unainunua kwa bei ya chini, na mafuta yakipanda unaizima. Sola inataka pesa yote siku ya kwanza, kisha inakurudishia kidogo kidogo, jua kwa jua, kwa miaka mingi. Paneli nyingi huja na waranti ya nguvu ya miaka 25, yaani ahadi ya kiwanda kwamba zitaendelea kutoa umeme wa kutosha muda wote huo. Anayefunga sola leo anafanya mkataba na serikali tatu au nne zijazo ambazo hata hazijachaguliwa. Mnamwomba mtu awe na imani ya miaka 25, halafu mnampa kanuni ya miezi kumi na miwili!

Tazameni Marekani. Sheria ya Agosti 2022 iliwaahidi wenye nyumba nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama zao hadi mwisho wa 2032. Julai 2025 ikapitishwa sheria nyingine, na nafuu hiyo ikakomea tarehe 31 Desemba 2025. Miaka saba imefutwa. Aliyekuwa anadunduliza ili afunge 2027 amefanya kosa gani? Alisoma sheria na akaiamini.

Lakini huyo angalau alikuwa bado hajalipa. Kisa kinachoniuma zaidi ni cha jimbo la Nevada. Desemba 2015 tume inayosimamia umeme huko iliamua kupandisha ada ya kila mwezi kwa wenye sola na kupunguza thamani ya umeme wanaoupeleka kwenye gridi. Mabadiliko hayo hayakuwekwa kwa wateja wapya peke yao, yaliwashukia hata waliokuwa na paneli juu ya paa tayari, watu waliokopa kwa hesabu za kanuni ya zamani. Fikiria umekaa mezani na mwenzako, mmekubaliana mkopo wa miaka mingi, mmesaini, na baada ya muda inakuja barua kwamba ile namba ya safu ya mwisho si yenu tena. Kampuni kubwa za ufungaji zilisimamisha kazi jimboni, mafundi wakakosa ajira. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Septemba 2016 wateja wa zamani walirudishiwa masharti yao, na 2017 ikatungwa sheria ya kuufufua mpango kwa wapya. Wakubwa walijirekebisha, nakubali. Ila jirani aliyeshuhudia barua ile ikifika kwa mwenzake, mtamshawishi kwa tangazo gani?

Hispania nayo. Mwaka 2007 iliweka malipo manono kwa umeme wa jua, na mwaka 2008 peke yake zikafungwa zaidi ya megawati 2,500 wakati lengo lilikuwa kama megawati 400 tu. Hapa lazima nikiri, ingawa kwa shingo upande: malipo yale yalikuwa makubwa kupita kiasi, na serikali iliyoyaweka ilikosea tangu mwanzo. Gharama ilipowalemea wakaanza kupunguza, 2010 na tena 2013, wakiwagusa hata waliokwishajenga, wakiwemo wastaafu na wakulima waliokopa. Mwaka 2015 wakaongeza tozo kwa wanaojizalishia umeme, ambayo wananchi waliibatiza "kodi ya jua". Ilifutwa Oktoba 2018, na baada ya hapo ndipo mapaa ya nchi ile yenye jua la kumwaga yalipoanza kujaa paneli. Ni karibu miaka kumi iliyopotea, na jua lilikuwa lile lile.

Sasa mtu ataniambia serikali haiwezi kulipa milele. Sawa, wala siiombi ilipe milele. Ujerumani iliweka sheria yake mwaka 2000: ukiunganishwa, bei yako imefungwa kwa miaka 20. Wa kwanza kabisa walipewa karibu senti 50 za yuro kwa uniti, na waliendelea kupata bei ile ile mpaka mwisho wa 2020. Paneli zilivyokuwa zikishuka bei, malipo kwa wateja wapya yakashushwa mara nyingi mno, na leo anayejifungia kwa matumizi yake na kuuza ziada hafikishi senti 10. Walioingia wamelindwa, wanaokuja wanajua wanaingia kwenye bei gani. Australia nayo punguzo lake la vifaa hupungua kila Januari hadi litakapokwisha mwishoni mwa 2030, na tarehe hiyo iko wazi kwa kila mtu. Mifumo ya juu ya mapaa huko imeshapita milioni nne. Ruzuku inayopungua kwa kalenda inayojulikana inaweza kufanya kazi nzuri kuliko ruzuku nono isiyo na kalenda, kwa sababu Mwalimu anaweza kuiandika kwenye daftari lake.

Uingereza ilifika mahakamani kwa jambo hili hili. Mwishoni mwa 2011 serikali ilitaka kukata malipo ya umeme wa sola kwa karibu nusu kuanzia tarehe 12 Desemba, wakati maoni ya wananchi kuhusu pendekezo hilo yalikuwa yanapokelewa hadi tarehe 23. Mahakama ikasema hapana, na rufaa ya serikali ikashindwa.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuiruka: asiye na sola anabaki kulipia nguzo na nyaya ambazo mwenye sola anazitumia usiku. Ni kweli, na ni haki kuirekebisha. California iliposhusha malipo ya umeme wa ziada kwa karibu robo tatu, mwezi Aprili 2023, iliwagusa waombaji wapya, na waliotangulia wakabaki kwenye masharti yao ya miaka 20. Watu walikimbilia kuwahi tarehe, kisha biashara ikaanguka vibaya. Uchungu ulikuwepo, lakini hakuna aliyegeuzwa mjinga kwa kuwahi.

Mambo ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yana ghasia zake. Kenya iliirudisha kwenye vifaa vya sola mwaka 2020 na kuiondoa tena 2021. Muuza duka aliyeagiza mzigo katikati alihesabu nini? Afrika Kusini, nafuu yake ya kodi ya mwaka mmoja kuanzia Machi 2023 ilihusu paneli tu, inveta na betri zikaachwa nje, wakati watu walikuwa wanahangaika na mgao wa umeme. Na mpangaji, ambaye paa si lake, ni mara chache anafikiriwa kwa dhati.

Najua pia Pakistan, ambako mwaka 2024 ziliingizwa paneli za takriban gigawati 17, na msukumo mkubwa ulikuwa umeme ghali wa gridi na paneli za bei nafuu kutoka China. Kwa hiyo ndiyo, watu wanaweza kwenda wenyewe bila kushikwa mkono. Lakini waliokwenda hivyo wengi ni wenye akiba. Mwalimu ana pensheni na daftari.

Ninachokitaka kinaingia kwenye karatasi moja: siku mita yangu inabadilishwa kwa ajili ya sola, niandikiwe bei ya uniti ninayopeleka, ada ya mwezi, na tarehe ambayo hakuna waziri atakayegusa namba hizo kabla yake. Ikiwa miaka kumi, iwe kumi. Ikiwa bei ni ndogo, iwe ndogo, nitaamua mwenyewe.

Jana binamu alimpigia Mwalimu kumjulia hali. Mzee alimwambia vifaa avihifadhi tu, mpaka bajeti isomwe. Bajeti ya mwaka huu, binamu akauliza, au ya mwaka kesho? Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema wataongea.