Insha ya "Kwa Nini Chuo Chetu": Uandike au Uiache?

Msimu wa kuomba vyuo vya sheria Marekani ukifunguliwa, kuanzia Septemba hivi, magrupu ya WhatsApp ya vijana wetu walioko kule yanajaa swali moja: fomu ina sehemu imeandikwa ni ya hiari, inauliza kwa nini unataka kusoma hapa na siyo kwingine, sasa niandike au niache? Majibu yanakuja mawili na yote ya haraka haraka. Hawa wanasema hakuna cha hiari pale, andika zote la sivyo umekwisha. Wale wanasema achana nazo, kinachoangaliwa ni LSAT (mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria) na GPA (wastani wa alama zako za digrii), mengine mapambo. Mi naona kila upande una ukweli wake, ila ukiuchukua mzima mzima unampoteza mtoto wa watu, na anayepotea zaidi ni yule ambaye nyumbani hakuna hata mmoja aliyewahi kupita njia hii.

Kwanza tuelewane kidogo. Sisi huku tumezoea udahili wa alama. Kenya una pointi zako za klasta, KUCCPS wanakupanga, Tanzania matokeo yako ya form six yanaongea, hakuna anayekuuliza umeipendea nini Mlimani. Na sheria unaianza kama digrii ya kwanza. Marekani JD, yaani digrii yao ya sheria, unaingia ukiwa tayari una digrii nyingine, yoyote ile, unasoma miaka 3, na maombi yanapitia LSAC, shirika la pamoja la udahili wa vyuo vya sheria, ndo wanaokusanya transkripti, barua za wanaokufahamu na alama zako za LSAT (zinaanzia 120 mpaka 180) wanazipeleka kila chuo ulichochagua. Insha kuu ya kujieleza ni lazima. Alafu ndo zinafuata hizi za nyongeza: Michigan wana orodha ndefu ya maswali unachagua mwenyewe na moja linauliza kwa nini Michigan inakufaa, Duke nao wanakupa nafasi ya kueleza kwa nini umewachagua, Georgetown wana maswali mafupi ya maneno 250. Wenzetu wenye LLB (digrii ya kwanza ya sheria) wanaokwenda kusoma LLM (uzamili wa sheria) ya mwaka 1 wanakutana na swali hilohilo, ila kwao mara nyingi limo ndani ya insha kuu.

Sasa chuo kinauliza ili iweje? Vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili wa Marekani, ni karibu 200, na mwombaji mwenye alama nzuri anatuma kumi, wengine kumi na tano. Kamati ya udahili lazima ikisie nani akikubaliwa atakuja kweli, maana wakikubali wengi kupita kiasi darasa linafurika, wakikubali wachache ada haitoshi. Kuna na habari ya renki. US News, wanaotoa orodha maarufu ya kupanga vyuo kwa ubora, kwa miaka mingi wamekuwa wakihesabu asilimia ya wanaokubaliwa, kadiri inavyokuwa ndogo ndo chuo kinaonekana kigumu, na japo Novemba 2022 Yale na Harvard walitangaza kujitoa kwenye zoezi hilo na wengine wakafuata, orodha inatoka kila mwaka na waombaji wanaisoma. Ndo maana waombaji wengi wanaamini kwamba mtu mwenye alama kubwa kuliko kawaida ya chuo anaweza kuachwa kwa sababu tu anaonekana hatakuja. Insha ya kwa nini hapa inamtoa hofu msomaji, kwa vile imekugharimu muda, na watu hawapotezi muda wao mahali wasipopataka.

Hiyo ndo hoja ya wanaosema andika, na ina uzito. Ila mi kuna nyingine naiona nzito zaidi na haisemwi sana: kuna faili ambazo zenyewe hazijielezi. Mtoto amelelewa Kentucky, wazazi walitokea Uvira kule Kongo wakapitia kambi Tanzania, amesoma chuo cha jimbo, sasa ameomba chuo kilichoko upande mwingine wa nchi ambako hana ndugu. Msomaji akikuta faili hilo bila maelezo anajiuliza, huyu ametubahatisha? Kurasa moja tu inaliondoa hilo swali.

Nimewahi kukaa na binti mmoja wa aina hiyo tunapitia rasimu yake. Ya kwanza ilikuwa inasema chuo kina walimu mahiri, kliniki nyingi za sheria (wanafunzi wanaposhughulikia kesi za kweli) na mazingira yanayojali wanafunzi. Nikamwambia hebu toa jina la chuo weka la kingine. Akaweka. Hakuna kilichoharibika, sentensi zote zikasimama vilevile, kumbe ilikuwa barua ya posa ambayo unabadilisha jina la binti tu. Tukaongea ndo akanisimulia kwamba alipokuwa sekondari baba yake aliletewa karatasi ya mahakama, mwenye nyumba anataka kuwatoa, na yeye ndo aliyeisoma mezani, Kiingereza huku Kiswahili huku, akafika kwenye tarehe ya kuhudhuria akasita kwa sababu hakujua amwambieje mzee kwamba wasipotokea siku hiyo wameshindwa bila kusikilizwa. Wakaenda. Kesi zinaitwa moja baada ya nyingine, dakika chache kila moja, mwenye nyumba ana wakili, wapangaji wengi hawana. Na chuo alichokiomba kina kliniki ambayo wanafunzi, chini ya usimamizi, wanasimama na wapangaji kwenye kesi hizohizo. Rasimu ya pili ilikuwa nusu ya ile ya kwanza kwa urefu, na ukitoa jina la chuo unabaki na shimo.

Basi hiyo ndo inayofanya kazi. Na siyo lazima iwe habari ya machungu. Kijana anayetaka kushughulika na Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha au biashara ya kimataifa ana sababu ya wazi ya kuitazama Loyola ya Chicago, kwa kuwa Profesa James Thuo Gathii, Mkenya, anafundisha pale na ameandika sana kuhusu mahakama za kikanda za Afrika. Kwenye renki Loyola haiko kule juu wanakokimbilia wote, lakini kwa huyo kijana sababu ipo na inaeleweka. Anayetaka kutetea waliofungwa kimakosa anaweza kuisema Michigan bila kubahatisha, wana kliniki tangu 2009 iliyojikita kwenye kesi zisizo na ushahidi wa DNA, ambazo ni ngumu zaidi kuzifufua.

Haya, upande wa pili, na huu nao siupuuzi hata kidogo. Insha nyingi za namna hii ni takataka, tuseme ukweli. Mtu anaingia tovuti ya chuo saa nne usiku, anachukua majina ya maprofesa wawili, kliniki moja na jarida moja, anapanga, anatuma. Kamati inausoma ukurasa wake yenyewe umerudishwa kwake. Mbaya zaidi profesa aliyetajwa alishahama, au jina la chuo kingine limesahaulika aya ya tatu, na hapo faili ambalo lilikuwa halina doa umelitia doa kwa mkono wako kwenye kitu ambacho hukulazimishwa kukifanya.

Alafu kuna haki. Mwenye mzazi wakili ana wa kumsomea rasimu, ana hela ya mshauri wa kulipwa, ametembelea chuo akakaa darasani. Wa kwetu anafanya kazi ghala usiku, asubuhi anampeleka mama kliniki akamtafsirie, na ripoti ya LSAC kwa kila chuo ni zaidi ya dola 40 kabla hujagusa ada ya chuo chenyewe. Ukimwambia huyu aandike insha kumi za ziada umemwambia asilale. Kwahiyo swali ambalo kwenye karatasi limeandikwa hiari linakuja kupima nani ana muda, na mwenye muda kwa kawaida ni yuleyule mwenye kila kitu. Kwa hili nawalaumu vyuo waziwazi. Kama mnaitaka iwekeni iwe lazima kwa wote, maneno 200 basi, kama hamuitaji iondoeni, kuliko kumwacha mtoto anakesha akitafuta maana iliyojificha.

Na kuna ChatGPT. Mwaka 2023 Michigan walikataza waombaji kuitumia kuandika, mwezi huohuo wa Julai Arizona State wakasema kwao ruksa alimradi useme, na 2025 Michigan haohao wakaongeza swali moja ambalo wanataka ulijibu kwa kutumia akili mnemba. Unaona wenyewe bado wanatafuta pa kusimama. Ila insha ya kwa nini chuo chenu ndo rahisi kuliko zote kuiachia mashine, na ikiandikwa hivo na kila mtu inapoteza ile thamani yake ya mwanzo, ya kwamba imekugharimu.

Kitu kingine kinachochanganya vijana ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023, kesi ya Harvard, iliyozuia vyuo kutumia rangi ya mtu kama kigezo. Jaji Mkuu Roberts aliandika humo kwamba chuo hakikatazwi kuzingatia anachosimulia mwombaji kuhusu jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake, mradi kihusiane na uwezo au tabia atakayoileta chuoni. Baada ya hapo vyuo vingi vikaandika upya maswali yao, yakaja maswali ya uzoefu, mtazamo, ulikotoka. Hayo ni mengine na haya ya kwa nini hapa ni mengine! Nimeona watu wanamwaga historia yote ya familia kwenye swali linalouliza kuhusu chuo, alafu swali la uzoefu wanaliacha tupu kwa sababu limeandikwa hiari. Mi kwa mtoto wa mkimbizi, wa mhamiaji, ukiniambia ana nguvu za kuandika insha moja tu ya ziada basi aandike ile ya uzoefu, hiyo ya chuo ifuate.

Msimamo wangu basi ni huu. Usiandike zote, na usiache zote. Chukua orodha yako, angalia takwimu ambazo kila chuo kinalazimika kuzitoa Desemba kila mwaka, zile ripoti za ABA za 509, utaona alama za kati za LSAT na GPA. Ukiwa chini sana ya zote mbili, insha ya mapenzi haitakubeba, na hapo wanaosema ni mapambo wamesema kweli. Ukiwa karibu na zile alama, au juu yake kiasi cha kutiliwa shaka kwamba hutakuja, hapo andika, lakini kwa vile vyuo ambavyo kweli una neno la kusema. Kwa watu wengi vitakuwa vitatu, vinne.

Na nguvu utakazookoa zipeleke kwenye maandishi yenye hela. Kuanzia Julai 1, 2026 mikopo ya Grad PLUS, ya serikali kwa wanaosoma zaidi ya digrii ya kwanza, imefungwa kwa wanaoanza, na mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa sheria umewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka, wakati ada peke yake kwenye vyuo vingi vya juu imepita 70,000. Anayetoka nje kwa visa ya mwanafunzi hata huo hapati. Root-Tilden-Kern ya NYU (New York University) na Toll ya Penn (University of Pennsylvania) ni skolashipu kubwa za wanaotaka kufanya kazi ya kutetea umma, na zina maswali yake yenyewe, yanasomwa kwa makini, yanajibu swali la kwa nini hapa na swali la utalipaje kwa pamoja. Inaniuma kuona kijana amemaliza insha nane za hiari alafu hii imempita kwa sababu alichoka.

Kuhusu muda, kwa kuwa vyuo vingi vinasoma maombi kadiri yanavyoingia na viti vinaendelea kujaa, insha ikikuchelewesha wiki mbili sawa, hiyo ni bei ya kawaida, ila ikikutoa Novemba ikupeleke Februari bora utume bila hiyo. Hujafungiwa mlango. Ukiwekwa orodha ya kusubiri vyuo vingi vinapokea barua ya kuthibitisha kwamba bado unawataka, na mle ndani unaweza kusema yaleyale ambayo ungeandika mwanzo, safari hii ukiwa na kitu kipya, semesta imeisha, umeongea na mwanafunzi wa chama cha wanafunzi weusi wa pale, na kama ukipewa nafasi kesho uko tayari kuhamia.