Tetteh Quarshie na kakao ya Ghana: sifa ni ya nani?

Waghana wanaojulikana nje ya nchi yao ni wengi: Kwame Nkrumah, Kofi Annan, Abedi Pele, bondia Azumah Nelson. Ndani ya Ghana kuna jina jingine ambalo watoto hulisoma shuleni mapema, la mhunzi wa kabila la Ga aliyefariki Desemba 1892 bila kuacha hotuba wala kitabu. Tetteh Quarshie ana makutano ya barabara yenye jina lake mjini Accra, ana hospitali huko Mampong katika milima ya Akuapem, iliyofunguliwa 1961, na shamba lake hapo hapo Mampong bado linatembelewa.

Simulizi la shule ni fupi. Mwaka 1870 alikwenda kufanya kazi Fernando Po, kisiwa ambacho leo ni Bioko cha Guinea ya Ikweta. Akarudi 1876 na mbegu za kakao, akazipanda Mampong, na kufikia 1879 shamba likawa limeshika. Mwaka 1891 koloni la Gold Coast, Ghana ya leo, lilisafirisha ratili 80 za kakao, karibu kilo 36. Mwaka 1911 lilisafirisha karibu tani 40,000 na kuwa la kwanza duniani. Kutoka gunia lisilojaa hadi nafasi ya kwanza kwa miaka 20, na sifa yote kapewa mtu mmoja.

Wanaolipinga simulizi hili wana ushahidi. Wamisionari wa Basel, kutoka Uswisi, walipanda kakao Akropong, si mbali na Mampong, tangu 1858, kwa mbegu za Surinam. Kwa hiyo Quarshie hakuwa wa kwanza. Halafu yupo Gavana William Brandford Griffith, ambaye serikali yake ilileta kakao kutoka São Tomé na kuanzisha bustani ya mimea ya Aburi mwaka 1890. Aburi iligawa miche kwa wakulima na kuwafundisha kuitunza, na Griffith mwenyewe alidai kwamba yeye ndiye aliyeifikisha kakao nchini. Kwa mizani ya nyaraka Griffith ana uzito mkubwa: serikali huandika, mhunzi haandiki.

Ila swali la nani alitangulia halitufikishi mbali, na sababu imo ndani ya mbegu yenyewe. Mbegu ya kakao haihifadhiki kama mahindi au maharage. Ikikauka imekufa, na baridi huiua pia. Ukiitoa ndani ya tunda na kuiacha wazi, uwezo wake wa kuota hupotea katika siku chache. Njia salama ni kusafirisha tunda zima lililokomaa, na hata hapo una kama wiki tatu tu kabla mbegu hazijaoza au kuchipua humo humo. Sasa pima safari mbili. Kuvuka Atlantiki kutoka Surinam katika miaka ya 1850 ilikuwa kazi ya majuma mengi, na miche mingi ya Akropong haikufika mbali. Kutoka Fernando Po hadi Accra kwa meli ya mvuke ni siku chache. Wapo wanaosimulia kwamba Quarshie alizificha mbegu kati ya zana zake za uhunzi. Iwe kweli au la, zilifika hai, na ndilo lililokuwa na maana.

Hoja nyingine ya wapinzani ni ya wingi: shamba moja la Mampong lingewezaje kuzaa nchi nzima? Hii inasikika nzuri, lakini hesabu inaikataa. Tunda moja lina mbegu zipatazo 35. Chukua miti 20 tu, kila mmoja ukitoa matunda 25 kwa mwaka: unapata mbegu 17,500. Nusu zikifa, inabaki miti karibu 8,700. Aina iliyotoka Fernando Po ilikuwa Amelonado, ambayo huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitano hadi saba. Basi baada ya kizazi hicho kimoja, miti 8,700 inatoa mbegu zaidi ya milioni 7 kwa msimu mmoja. Zaidi ya hapo, Amelonado hujichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto hufanana na mama, na mkulima aliyenunua tunda kwa Quarshie alijua atakachokivuna. Kwa upande wa mbegu, inawezekana kabisa shamba moja dogo likawa chanzo cha sehemu kubwa ya kakao ya kusini mwa Ghana.

Hesabu hiyo hiyo, ukiiendeleza, inamwondoa Quarshie katikati ya jukwaa. Kilo moja ya kakao kavu huhitaji matunda kama 25. Tani 40,000 za mwaka 1911 ni matunda yapatayo bilioni moja, yaliyotundwa kwa mkono, yakapasuliwa kwa panga, punje zikatolewa kwa vidole. Ni miti kama milioni 40 iliyokwisha kupandwa kabla ya 1906, kila mmoja kwenye ardhi iliyofyekwa msitu. Kikwazo hakikuwa mbegu. Kilikuwa ardhi, mikono na mtaji wa kungoja miaka sita bila mavuno. Hayo matatu hayakutatuliwa na mhunzi, mmisionari wala gavana.

Waliotatua ni wakulima wa Akuapem, Krobo, Shai na Ga wenyewe, na hapa ndipo simulizi la shule linapokosa haki zaidi. Akuapem ni milima yenye watu wengi na ardhi kidogo. Ng'ambo ya mto Densu, upande wa magharibi, kulikuwa na misitu ya Akim Abuakwa yenye wakazi wachache. Kuanzia miaka ya 1890 wakulima walianza kuinunua kwa fedha walizochuma kwenye mafuta ya mawese na mpira. Mtafiti Mwingereza Polly Hill, aliyezunguka mashamba hayo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kusoma ramani zake, alionyesha kwamba hawa hawakuwa wanakijiji waliopanda mti mmoja mmoja uani. Walikuwa wawekezaji waliopanga miaka mingi mbele, wakichukua faida ya shamba la kwanza kununulia la pili na la tatu.

Utaratibu wao unastahili kuelezwa kidogo. Watu kadhaa, mara nyingi wasio ndugu, waliunda kile walichokiita kampuni. Mmoja alizungumza na chifu muuzaji kwa niaba ya wote, bei ikakubaliwa, na kila mwanachama akatoa alichoweza. Kisha walinyoosha mstari wa msingi, mara nyingi kando ya mto au njia, wakaugawa kwa kamba. Kipimo chao, abasam, ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao sisi tunauita pima. Aliyetoa fedha nyingi alipata mkanda mpana, aliyetoa kidogo mwembamba, na kila mkanda uliingia msituni hadi mwisho wa eneo. Wakrobo waliita mtindo huu huza. Faida yake ni kwamba mwanachama hakuhitaji kusafisha eneo lake lote mara moja: alianza mbele karibu na njia, akasonga nyuma mwaka hadi mwaka kadiri fedha na nguvu zilivyoruhusu. Waakuapem wanaofuata ukoo wa mama mara nyingi walinunua kwa njia nyingine, kama familia, na ramani za ardhi zao hazionyeshi mikanda iliyonyooka bali vipande vilivyochanganyikana.

Miche michanga ya kakao haivumilii jua kali, kwa hiyo waliiweka chini ya migomba na magimbi. Magimbi ya aina ile yaliletwa Akuapem na kundi la Wakristo weusi wa Karibi, wengi wao Wajamaika, waliokuja na misheni ya Basel mwaka 1843. Nadhani huu ndio mchango wa misheni unaopaswa kusemwa kwa sauti zaidi ya ile miti michache ya 1858, kwa kuwa migomba na magimbi vililisha familia katika miaka ya kusubiri na kivuli kikaokoa miche. Misheni pia ndiyo iliyomfundisha Quarshie uhunzi.

Usafiri nao ulikuwa juu ya wakulima. Reli kutoka Accra ilifika Mangoase mwaka 1912, mwaka mmoja baada ya nchi kushika nafasi ya kwanza. Kabla ya hapo kakao nyingi ya mashariki ilishuka pwani vichwani, mzigo mmoja ratili 60, au ndani ya mapipa yaliyoviringishwa barabarani. Wakulima walilipia madaraja ya Densu kwa fedha zao na kutoza ada ili zirudi. Serikali ilikuja nyuma yao.

Upande wa ubora jambo ni lile lile. Kakao ya Ghana hulipwa vizuri sokoni kwa sababu ya inavyovundikwa, na ni kazi ya watu wasio na jina, wengi wao wanawake. Punje mbichi pamoja na utando wake mweupe hurundikwa juu ya majani ya mgomba yaliyotobolewa ili maji yatoke, kisha hufunikwa kwa majani mengine. Joto hupanda hadi nyuzi 45 au zaidi, na ndilo linaloua kiini cha mbegu na kuanzisha ladha ya chokoleti. Lundo hugeuzwa siku ya pili na ya nne, hufunguliwa ya sita. Likiwa dogo mno halipati joto. Lisipogeuzwa, pembeni hubaki mbichi na katikati hupitiliza. Ukifungua siku ya tatu kwa haraka ya fedha, punje ukizipasua zina rangi ya zambarau au kijivu na ladha yake ni chungu, na ukichelewa zinakuwa nyeusi na kunuka. Baada ya hapo huanikwa juani kwenye vichanja vya mikeka kwa wiki moja hadi mbili, zikichanganuliwa mara kwa mara na punje mbovu kuondolewa kwa mkono, mpaka unyevu ushuke karibu asilimia 7.5. Hakuna mnara wa mtu aliyegeuza lundo siku ya nne.

Chanzo chembamba cha mbegu kilikuja na gharama ambayo mashabiki wa Quarshie hawapendi kuigusa. Mashamba yaliyofanana hivyo yalishambuliwa kwa namna moja. Mwaka 1936, karibu na Koforidua, ilitambuliwa miti yenye machipukizi yaliyovimba, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidungata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti. Amelonado haikuwa na kinga ya kutosha. Dawa iliyokuwepo, na hadi leo ndiyo ya msingi, ni kukata mti mgonjwa na jirani zake, na zaidi ya miti milioni 100 ilikatwa katika miongo iliyofuata. Wakulima walikataa, kwani waliambiwa wakate miti iliyokuwa bado na matunda, na hasira hiyo ilichangia ghasia za 1948 zilizofungua njia ya uhuru. Silaumu mhunzi kwa jambo ambalo halikujulikana wakati wake. Lakini ilibidi watafiti wa kituo cha utafiti wa kakao cha Tafo, kilichoanza 1938, walete aina nyingine za kakao na kuzichanganya ili kilimo kiendelee, na hao nao wamo katika urithi huu.

Basi Quarshie aondolewe vitabuni? Hapana. Ukimwondoa leo, nafasi yake haitakwenda kwa mkulima wa Akim. Itarudi kwa gavana na wamisionari, kwa sababu ndio wenye kumbukumbu zilizoandikwa, na mtoto wa Ghana atasoma tena kwamba maendeleo yaliletwa kwa meli ya Mzungu. Quarshie alifanya jambo mahsusi linaloweza kuelezwa: Mwafrika aliyetoka kufanya kazi kisiwani, akaitambua thamani ya mti alioukuta huko, akaupanda mahali ambapo majirani waliweza kuuona ukizaa, akawapa na kuwauzia matunda ya kupandia. Bustani ya serikali ingeweza kugawa miche miaka mingi bila mtu kushawishika. Jirani aliyeona mti wa jirani yake ukizaa hakuhitaji semina.

Kinachofaa kubadilika ni swali. Mtihani ukiuliza nani aliyeleta kakao Ghana, jibu ni jina moja na mwanafunzi anafunga daftari. Ukiuliza kwa nini Gold Coast ilifika tani 40,000 kwa miaka 20, jina la Quarshie linabaki pale mwanzoni, likifuatwa na kampuni za Densu, kamba ya abasam, vibarua kutoka kaskazini waliolipwa theluthi ya mavuno kwa mkataba wa abusa, na wakulima waliogoma kuuza kakao msimu wa 1937 na 1938 pale makampuni ya Ulaya yalipokubaliana kutoshindana kwa bei. Mgomo ule ulichangia kuzaliwa kwa bodi ya kakao mwaka 1947. Hiyo nayo ni historia ya mafanikio ya Waghana.

Swali la nani atambuliwe lina uzito hata sasa. Mavuno yalivuka tani milioni moja msimu wa 2010/11, kisha yakaporomoka hadi karibu nusu yake kufikia 2023/24, na ugonjwa wa machipukizi ni mojawapo ya sababu. Kukata na kupanda upya kunamhitaji mtu aliyepo shambani, ambaye mara nyingi ni mpangaji wa abunu: alipewa msitu au kichaka, akapanda kakao kwa jasho lake, na nusu ya shamba ikawa yake. Makubaliano mengi ya namna hiyo ni ya mdomo, na kwa desturi ya sehemu nyingi haki ya mpangaji hudumu kadiri miti inavyodumu. Akikubali miti migonjwa ikatwe, mwenye ardhi anaweza kusema mkataba umekwisha pamoja nayo. Kwa hiyo anaiacha isimame, vidungata vinahamia shamba la pili, na afisa kilimo anamwita mkaidi. Mpango wa kulipa fidia unaomtazama mwenye ardhi peke yake utaendelea kukwama hapo. Kinachotakiwa ni mkataba ulioandikwa kabla panga halijagusa mti, wenye majina mawili, unaosema wazi kwamba nusu ya mpangaji inaendelea kwenye miche mipya.