Waacheni Wasome Wamesimama

Mwaka juzi kulikuwa na kibao dukani kwetu: "TAFADHALI USISOME KITABU KABLA YA KUNUNUA." Kilichapwa kwa kompyuta, herufi kubwa, kikatiwa ndani ya nailoni na kubandikwa kwa selotepu juu ya rafu ya riwaya. Kilidumu siku 11. Siku ya 12 nilikibandua mwenyewe, nikakisukumia kwenye droo ya kaunta chini ya vitabu vya risiti, na Mwalimu akajifanya hajaona. (Mwalimu ndiye mwenye duka, alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na hakuna anayemwita kwa jina.) Mpaka leo hajaniuliza. Akisoma hapa ndiyo atajua.

Duka lenyewe ni chumba kimoja katikati ya Dar es Salaam, kati ya duka la dawa na fundi simu. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, huku unakaribia kugusa vitabu vya dini, huku vya biashara. Wapita njia wengi hawajui tunauza nini. "Dada, mnatoa kopi?" Hatutoi. "Pasipoti saizi je?" Hatupigi picha. "Basi hapa mnatoa hela?" Jirani hapo, kwa fundi simu. Nadhani yule fundi nimempelekea wateja wengi kuliko bango lake.

Wanaoingia kweli, wakinikuta nyuma ya kaunta, huniambia, "Raha yako wewe, kutwa unasoma." Laiti. Asubuhi yangu ni kitambaa na vumbi. Masika ikiingia, unyevu wa Dar hauna adabu: kurasa zinajikunja kama bati la paa, na kila kilichoegemea ukuta wa nyuma kinaanza kunuka ukungu. Jua la alasiri nalo linapenya dirishani na kupausha majalada. Lipo moja lilikuwa jekundu Januari, sasa lina rangi ya ufizi. Halafu kuna maboksi ya kubeba, kuna bodaboda anayetaka aongezewe elfu moja kwa sababu "vitabu ni vizito, sista", na kuna mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, ambayo hugoma pale pale foleni inapofika watu wanne. Msimu wa kufungua shule ndio usiseme. Vitabu vya kiada vya shule za serikali siku hizi vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo sisi tunaangukia kwenye ziada, madaftari na karatasi za kaki za kujaladia. Kusoma nasomea kwenye daladala kama watu wengine.

Lakini sentensi inayonichosha kuliko maboksi yote ni hii: "Watanzania hatusomi." Nayo ina pacha wake, ule usemi wa kuficha kitu ndani ya kitabu, ambao sitaurudia maana umesharudiwa vya kutosha. Kwa nilivyoona mimi, wanaousema zaidi ni watu waliokuja kununua kalamu. Mmoja, baba mtanashati mwenye tai, aliutoa akiwa bado mlangoni. Alikuwa ameshindwa kuingia kwa sababu kinjia chetu kilizibwa na watu watatu wanaosoma. "Samahani jamani, naomba kupita," akawaambia, kisha akanigeukia mimi: "Unajua tatizo letu dada, hatusomi."

Wanasoma, baba. Ila wanasoma wamesimama.

Yupo mlinzi wa benki anayepita akitoka zamu ya usiku, macho mekundu, sare imekunjamana. Huyu anasoma kamusi. Alianza herufi ya A, kila siku ukurasa mmoja au miwili, na sasa yuko kwenye M, ambayo kwa Kiswahili ni safari ya kwenda na kurudi Kigoma. Kuna siku alinikuta napanga rafu akaniuliza kama najua maana ya "mchirizi". Nilidhani najua. Yupo mama mwenye mgahawa mtaa wa pili, huyu ni wa riwaya za mapenzi na hataki kuulizwa. Wapo vijana wa vitabu vya mafanikio, ambao husoma sura ya kwanza ya kila kitabu kipya, wanatingisha kichwa, wanakirudisha. Nao nimewazoea. Na wapo wale wa simu: "Dada hiki mnacho? Nimekipata PDF kwenye grupu, ila macho yananiuma, halafu imekatikia ukurasa wa 60." Mtu aliyefika ukurasa wa 60 kwenye kioo cha simu chenye ufa, akatoka kwenda kutafuta uliobaki, sijui tunataka asome vipi zaidi ya hapo.

Niwe mkweli, kibao cha Mwalimu kilikuwa na sababu yake. Vitabu vingi mnavyoviona kwetu si vyetu. Ni mali kauli: mwandishi au mchapishaji anatuachia nakala, tunaandikiana kwenye daftari, kikiuzwa tunamlipa na kubaki na chetu, kisipouzwa anachukua mzigo wake. Na anauchukua ukiwa kama alivyouleta. Mwaka ule tulirudisha nakala 6 zenye kona zilizokunjwa na alama za vidole, mwenyewe akazikataa, zikawa zetu kwa lazima. Nakala 6 za sh. 15,000 ni sh. 90,000, na 90,000 kwenye duka la chumba kimoja ni umeme na maji. Mwalimu alikaa na kikokotoo chake jioni nzima. Asubuhi yake kibao kikapanda ukutani, na baadhi ya vitabu tukaviviringishia nailoni.

Mauzo yalishuka kiasi gani sijui, hatukuyapima hivyo. Ila daftari la siku zile 11 ninalo, na kuna ukurasa unasomeka: kalamu, kalamu, daftari, Biblia moja, kalamu. Mlinzi aliingia siku ya kwanza, akakisoma kibao chote mpaka nukta (yeye husoma kila kitu), akasema "sawa dada", akatoka. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nenda Kariakoo kununua kitenge uone. Unakigeuza, unakivuta, unakinusa, unauliza kama kinachuja, na muuzaji anakupigia hesabu huku umekishika. Kwenye mchele unachota punje unatafuna mbichi. Papai unalibonyeza mpaka muuzaji akutolee jicho. Ni kitabu peke yake tunachotaka mtu akinunue kwa kuangalia sura. Elfu kumi na tano ya mtu ambaye nauli yake anaihesabu ya kwenda na ya kurudi! Mimi mwenyewe nafanya kazi humu, na bado sinunui kitabu ambacho sijasoma kurasa zake tano.

Mfano ninao. Kuna mzee mmoja aliyechapa riwaya yake kwa pesa ya kiinua mgongo, akatuachia nakala 20. Kila Ijumaa akitoka kuswali alikuwa anapita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kimetoka?"

Hakijatoka. Basi anakwenda kwenye rafu, anakichomoa pale kilipobanwa, anakisimamisha mbele ya vingine vyote, jalada nje, anakipangusa kwa kiganja, anaondoka. Jumamosi asubuhi mimi nakirudisha. Tulicheza mchezo huu wiki 6. Ijumaa ya 7 nikashindwa. "Kimetoka kimoja, mzee." Uongo mtupu! Uso wake ulivyobadilika, ningesema vimetoka viwili. Ikabidi nikilipie mwenyewe, maana daftari la mali kauli halidanganywi, nikapanda nacho daladala nikiwa na hasira ya pesa yangu. Sura mbili za kwanza ni hotuba. Hakuna mhariri aliyezigusa, na kama yupo alikuwa na haraka. Sura ya 3 nikapitiliza kituo. Sitasema inahusu nini. Nilishuka mbele huko nikarudi kwa miguu.

Kuanzia Jumatatu yake, akija mtu wa kusimama, nampa mkononi: "Anzia sura ya 3, hizo mbili utazirudia." Mpaka sasa zimetoka nakala 9, za kweli hizi. Hakuna tangazo lililofanya kazi hiyo, wala jalada, maana jalada lake, Mungu amsamehe aliyelichora, lina tai ambaye ni kama kuku.

Kwa hiyo mtu akiniambia hatusomi, huwa namuuliza asome nini. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kesho yake watu walikuja, wengine tusiowajua kabisa. "Mna kitabu cha yule wa Zanzibar?" Hatukuwa nacho hata kimoja. Tukaanza kuuliza huku na huku, tukaona vilivyokuwepo ni vya Kiingereza na bei yake ni ya kuagiza nje. "Cha Kiswahili je?" Cha Kiswahili hakikuwepo. Si kwetu tu, hakikuwepo. Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28 na tuzo kubwa kuliko zote katikati, ndipo hadithi ya pwani yetu ikarudi kwa lugha ya pwani yetu. Na ilipofika, mama wa mgahawa aliisoma amesimama siku nne, siku ya tano akanitolea hela iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Hakusema neno. Na mimi sikumuuliza yale mapenzi yameishia wapi.

Kuna upande nao unaonikera na lazima niuseme, nisije nikaonekana natetea kila mtu. Wanafunzi. Si wote. Anaingia kijana wa kidato cha 4, begi mgongoni:

"Dada, uchambuzi wa Ngoswe upo?"

"Ngoswe mwenyewe yupo."

"Hapana dada, nataka uchambuzi."

Ile ni tamthiliya fupi, unaimaliza kwa jioni moja, na bado mtoto anataka kijitabu kinachomwambia dhamira ni tatu na wahusika ni hawa. Simlaumu sana yeye. Mtihani ukiuliza dhamira, atanunua dhamira. Lakini siku moja nilikuwa na muda, nikamwambia mmoja uchambuzi umeisha (ulikuwepo, umejaa boksi), soma kwanza kurasa mbili hapo usimame, kama hutaki nenda. Alisoma akacheka. Akasoma tena akacheka kwa sauti mpaka mlinzi akageuka na kamusi yake. Aliondoka na Ngoswe, na wiki iliyofuata nikamuonea huruma nikamtolea na uchambuzi. Mwalimu angesema nimeuza mara mbili.

Tulipofika sasa ni hapa, bila mkutano wala tangazo. Kila kitabu kinachoingia, nakala moja natia nukta ya wino mwekundu kona ya ndani ya jalada. Hiyo ni ya kushikwa. Ikichakaa tunaiuza nusu bei, na nusu ya pili tunaimeza sisi. Kwa vile vya mali kauli nawaambia waandishi mapema, na ni mmoja tu aliyekataa. Vyake bado vipo, vina nailoni yake safi kabisa. Mwalimu anaona nukta zangu, hasemi. Mwezi uliopita alikuja na kigoda kutoka kwake, akakiweka karibu na riwaya, akasema ni cha yeye kukalia akichoka. Sijawahi kumwona amekikalia.

Anayekikalia ni kijana mmoja wa sekondari anayekuja saa 9 alasiri akisubiri daladala zipungue watu. Yuko kwenye riwaya moja nene, ambayo bahati mbaya tumebaki na nakala moja tu, ile yenye nukta. Nilishangaa kwa nini siioni kwenye rafu yake asubuhi nikipanga, mpaka nikaikuta nyuma ya vitabu vya ufugaji wa kuku, imesimama wima, tiketi ya daladala kati ya kurasa. Anaificha ili isiuzwe. Nikairudisha kwenye kuku, nikasogeza na kitabu cha sungura mbele yake.

Sasa kuna dada aliyepiga simu juzi kuiulizia, nikamwambia nitaangalia. Dada, ipo. Ila naomba uje wiki ijayo, amebakiza kurasa 40.