Kuku Mwenye Wajukuu

Mama mkwe wangu alipotua Marekani kutoka Muheza, kilichomchosha mwanzo hakikuwa baridi, kilikuwa kuku. Alitafuna paja la kuku wa dukani, akameza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu alikuwa anaumwa?"

Nikamweleza kwamba kuku wa nyama huku huchinjwa akiwa na wiki sita au saba. Akajishika kifua. "Wiki saba! Huyo si kuku, huyo kifaranga mnene."

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshajigamba. Nilimwahidi kuku wa kukaanga kwa wafo, vile vimkate vya vyumba vyumba vinavyookwa katikati ya vyuma viwili vya moto, na si wa mtaani kwetu hapa Lancaster, Pennsylvania. Nilitaka ule upishi wa mtaa wa Harlem, New York. Mwaka 1938 Joseph Wells alifungua mgahawa wake pale, na wanamuziki wa jazi wakawa wanaingia usiku wa manane wakitoka kazini. Chakula cha jioni kimeshawapita, cha asubuhi hakijafika, basi wanakula vyote sahani moja: kuku wa kukaanga, wafo, na shira ya mti wa mepo juu yake.

"Shira?" mama akashtuka. "Shira si ya kaimati?"

Mke wangu, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, alikuwa anafunga viatu aende zamu. Aliniambia maneno machache tu: "Nunua mapaja dukani. Usijitie." Nikaitikia vizuri kabisa, kisha nikawasha gari nikaelekea shambani. Mama anataka kuku mwenye ladha, na mimi ni mkwe.

Huku kwetu wafugaji wamejaa. Mmoja alikuwa anawaondoa kuku wake wa mayai waliochoka kutaga, bei ya kutupa. Nikachagua aliyejaza mwili, nikamchinja mwenyewe palepale, maana nilijua swali la kwanza nyumbani lingekuwa "nani kachinja?" Mama alipompasua, tumboni mkatoka shada la viini vya mayai: kimoja kikubwa karibu kutagwa, vingine vikipungua hadi punje ya mtama. Akavitazama, akanitazama mimi.

"Mwanangu, huyu kuku ana wajukuu."

"Ndiyo ladha yenyewe hiyo, mama."

Hakubisha. Alivitenga viini kwenye kibakuli, akaenda zake kuswali.

Kuku akalala ndani ya mtindi usiku kucha. Kesho yake nikamgaragaza kwenye unga wenye chumvi, pilipili manga na paprika, karai likapanda nyuzi 175, nikatumbukiza. Ikasikika ile sauti tamu. Rangi ya dhahabu ikatokea, nikaanza kupiga mluzi. Nikamchoma kipimajoto kwenye paja: nyuzi 74. Hapo hata serikali ya Marekani inakubali kwamba kuku ameiva, na mpaka leo nasimama na kipimajoto changu.

Wafo ya kwanza iligoma kutoka kwenye chuma ikabidi niibandue vipande vipande kwa kijiko cha mbao. Wakati nahangaika nayo, unga uliobaki chini ya karai ukaungua, moshi ukatanda, na kengele ya moshi ikaanza kulia. Mama akavua kanga begani akanirushia. Basi mkwe mtu mzima nikapanda kitini, napepea dari kwa kanga ya mama mkwe iliyoandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Mlango ukagongwa. Jirani yetu, bibi mzee wa Kizungu, alikuja kuhakikisha hatujafa. Mama akamvuta mkono akamkalisha mezani. Kwao Muheza mgeni harudishwi kwa sababu ya moshi.

Tukala. Yaani, tukajaribu.

Mama aliuma paja, akavuta. Ganda lote likamvuka kuku likatoka zima, kama soksi, likabaki linaning'inia mdomoni mwake. Paja lenyewe likabaki mkononi, jeupe, bila alama ya jino. Alitafuna ganda taratibu. "Ganda tamu," akasema. Yule bibi akatumia kisu na uma kwa adabu. Kidari kikateleza, kikaruka juu ya chupa ya shira, kikatua kwenye mapaja ya mama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama akasimama bila neno, akakusanya vipande vyote, hata kile nilichokuwa nimeshikilia. Sufuria, maji, kitunguu, pilipili manga, mfuniko. Kuku wa mayai aliyeishi mwaka na nusu hataki mafuta ya moto, anataka kuchemka polepole hadi zile kano zilegee, na hiyo ni kama saa mbili. Bibi hakuondoka. Alionyeshwa picha zote za harusi yetu kwenye simu, mimi nikiwa mkalimani. Unga wa lile ganda nao ukayeyuka mle sufuriani, mchuzi ukawa mzito. Mwisho mama akatia vile viini, akapakua juu ya wafo zilizopona. Shira akaisukuma pembeni kwa kidole.

Bibi alionja, akaweka uma chini. Akasema hivi ndivyo kuku na wafo wanavyoliwa Lancaster tangu utoto wake: wa kuchemsha, na mchuzi mzito juu, chakula cha Wajerumani wa Pennsylvania, mpaka kanisani kwao wanakipika.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema hata kuku wa Harlem ni mzuri."

"Mbona ananyooshea kidole sufuria yangu?"

Nikatafsiri upya, safari hii yote. Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Bibi naye akatoa kalamu kwenye mkoba, anataka aandikiwe upishi huo awapelekee wenzake kanisani. Ndipo mke wangu akaingia kutoka kazini, akasimama mlangoni, akanusa, akatazama dari iliyoingia weusi, akafungua pipa la taka akalifunga.

"Nani kapika?"

"Mumeo," mama akasema. Kisha akanigeukia: "Haya, mwandikie mwenzangu. Kwanza, mpe mkwe wako amuharibu."