Ushuru wa Mazao Ufutwe? Tuulize Kwanza Hela Inarudi Wapi

Kila msimu wa mavuno hapa Tanzania hoja ni ileile: ushuru wa mazao, ule ambao halmashauri hutoza kwenye mazao yanayouzwa, ufutwe. Mbunge anaisema, mkulima anaisema kwenye mkutano wa kijiji, na dereva wa Fuso anaisema kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kasimamishwa getini usiku wa manane na mgambo mwenye tochi na mashine ya POS ya kutolea risiti. Mimi nasema usifutwe. Ila wanaotaka ufutwe wana hoja nzito kuliko wakurugenzi wa halmashauri wanavyopenda kukiri, kwa hiyo nianze nao.

Kisheria anayelipa ni mnunuzi. Tangu 2017 kiwango hakipaswi kuzidi asilimia 3 ya bei ya shambani kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Zamani ilikuwa hadi 5. Lakini mnunuzi anayeingia kijijini keshapiga hesabu zake kabla hajazima gari. Tuseme gunia la mahindi la kilo 100 ni shilingi 70,000. Ushuru ni 1,400, na hiyo 1,400 ataikata kwenye bei anayomtajia mkulima. Mtu mwenye magunia 30 ndani, huku ada ya mtoto inamsubiri, atabishana naye kwa ubavu gani?

Halafu kuna lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Pale geti linapohesabu magunia badala ya kilo, gunia lililoongezewa kilemba hadi likafika kilo 130 linalipiwa kama gunia moja tu. Mkulima kapoteza kilo 30, halmashauri imepoteza ushuru wa kilo 30, anayecheka ni mmoja. Na halmashauri hiyohiyo ndiyo inayotangaza kwa kipaza sauti kwamba lumbesa ni marufuku!

Sheria ya 2017 ilisamehe pia mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Msamaha mzuri, kwa anayeujua. Asiyeujua, na magunia yake 8 juu ya pikapu, analipa na kushukuru kwamba ameruhusiwa kupita.

Sasa upande wa pili. Ukiuondoa ushuru huu, halmashauri ya vijijini inabaki na nini? Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na hata ingebaki, nyumba za tope zingeingiza kiasi gani? Mjini kuna hoteli na ushuru wa huduma. Wilaya ya vijijini kama Kiteto ina mahindi na ng'ombe. Mikopo ya vikundi nayo, ile asilimia 10 inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inatoka kwenye mapato haya ya ndani. Ushuru ukishuka, kikundi cha akina mama kinaambiwa kisubiri mwakani.

Tumeshaijaribu njia ya kufuta. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, wengi waliiita kodi ya kichwa, iliondolewa, na watu walifurahi kwa haki kabisa. Wanaume wazima walikuwa wanalala porini wakiwakimbia mgambo. Hazina ikaahidi kufidia, na asilimia 20 ya fidia hiyo ilitakiwa iteremke hadi vijijini. Muulize mwenyekiti wa kijiji aliyekuwepo miaka ile aliiona mara ngapi.

Kwa hiyo kwangu ugomvi hauko kwenye asilimia 2 au 3. Uko kwenye boma la zahanati ambalo wanakijiji wamelisimamisha kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, wakaahidiwa kwamba halmashauri itaezeka, na sasa linaota majani huku malori yaliyosheheni mahindi yao yanapita mbele yake. Ukiuliza barabara, unaambiwa hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Sawa, lakini aliyechukua ushuru ni nani?

Kusini wana funzo moja. Korosho za Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, zinapimwa ghalani, zinauzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), na ushuru unakatwa hapohapo bila kukimbizana na lori usiku. Wakulima wa korosho wana malalamiko yao mengi juu ya makato, siyakatai, lakini kilo zinajulikana. Mahindi nayo yapimwe kwa mizani kijijini, na sehemu ya ushuru ibaki kwenye akaunti ya kijiji kwa mujibu wa sheria, isomwe mbele ya mkutano mkuu unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu.

Najua jibu la wakurugenzi: kijiji nacho kitazila, hakina hata mhasibu. Huenda. Lakini mwenyekiti aliyekula nitamkuta mnadani Jumamosi. Mweka hazina wa halmashauri yuko makao makuu ya wilaya, na nauli ya kumfuata ni kubwa kuliko ushuru wenyewe.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya kijiji cha wafugaji kisicho na mahindi. Ushuru ukibaki unapotoka, jirani yake ataezeka zahanati na yeye atabaki na boma. Ndiyo maana nasema sehemu tu ibaki kijijini, si wote: nyingine iende kwenye mfuko wa wilaya, na madiwani waigawe kwa kuangalia nani hana zahanati, badala ya kuangalia kata ya nani ina kura nyingi.