Padri aliyekataa kuchanganya hesabu na sala

Mara nyingi husemwa kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu ililetwa ili kumwondoa Mungu kwenye uumbaji. Kumbe mwasisi wake alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akaongeza kuwa ukiirudisha historia nyuma utafika pale ambapo vyote vilivyopo vilikuwa kitu kimoja, alichokiita atomu ya awali.

Waliomshuku kwanza walikuwa wanasayansi wenzake. Fred Hoyle wa Uingereza hakuupenda kabisa ulimwengu wenye mwanzo. Mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa waliotetea ulimwengu wa milele, na mwaka uliofuata, akizungumza redioni, yeye ndiye aliyeipa nadharia aliyoipinga jina hilo la Mlipuko Mkuu. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliisifu sayansi hiyo kana kwamba imethibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Kwake, nadharia ile haikuwa ya muumini wala ya mkana Mungu. Ilipaswa kupimwa kwa darubini na hesabu tu.

Naona alikuwa sahihi, tena kwa faida ya imani yenyewe. Wakati ule Hoyle bado angeweza kushinda. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1965, wanasayansi Penzias na Wilson walipotangaza mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, masalia ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Imani iliyotundikwa kwenye vipimo ingekaa miaka 14 yote ikisubiri hukumu ya maabara.

Hata hivyo, hoja ya waumini haifi hapo. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba kila chenye mwanzo kina kisababishi, na ulimwengu una mwanzo. Ni hoja nzito. Anayeijibu kwamba fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno, inaweza kuzaa ulimwengu pasipo na kitu anateleza, maana hapo anapopaita pasipo na kitu tayari pana sheria za maumbile, na hajaeleza zilitoka wapi. Udhaifu wa hoja uko kwingine. Tunajua ulimwengu huu umetanuka kwa takriban miaka bilioni 13.8, lakini ukikaribia kabisa chanzo, ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, milinganyo yetu haifanyi kazi tena. Kusema kwa uhakika kwamba pale ndipo vyote vilipoanza ni kuivuka sayansi.

Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, aliliona jambo hili bila darubini. Aliamini ulimwengu una mwanzo kwa kuwa imani yake ilimfundisha hivyo, akakiri kwamba akili peke yake haiwezi kulithibitisha. Kwake, kuumbwa ni kumtegemea Mungu ili kuwepo, leo kama siku ya kwanza. Kesho ikigundulika kwamba kabla ya huu kulikuwa na ulimwengu mwingine, anayetegemea hoja ya al-Ghazali itabidi atafute mwanzo mwingine huko nyuma zaidi. Aquinas hatakuwa na neno la kufuta.