Panya Wachache Mno

Mtafiti anayeomba kibali cha kutumia wanyama wa maabara hujiandaa kwa swali moja kabla ya mengine yote: huwezi kupunguza idadi? Swali la pili, kama hao aliowaomba wanatosha kujibu anachouliza, mara nyingi humalizwa kwa sentensi ya mazoea: idadi hii ndiyo iliyotumika katika tafiti zilizotangulia. Kamati inayotoa kibali inaridhika, kwa kuwa idadi ni ndogo, na udogo wake unaonekana kama huruma.

Hoja ya wanaopigania idadi ishuke haihitaji kupambwa. Mnyama hakuomba kushiriki, hana faida atakayoipata, na kwa kawaida jaribio likiisha huuawa. Anayemtaka ndiye anayepaswa kuthibitisha haja yake. Hilo silibishi.

Ila Russell na Burch, Waingereza walioasisi mwaka 1959 kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kuboresha, wanaponukuliwa hukatwa nusu ya maneno yao. Kupunguza, kwa maelezo yao wenyewe, ni kutumia wanyama wachache zaidi kupata taarifa ya kiasi na usahihi uliokwisha kuamuliwa. Idadi ikishuka na taarifa ikashuka nayo, kilichofanyika sicho walichokiita kupunguza. Panya sita waliokufa bila kujibu swali wamekufa bure, wote sita.

Chukua takwimu ambazo mtafiti Katherine Button na wenzake walizitoa mwaka 2013. Walitazama tafiti zilizolinganisha dume na jike katika majaribio ya kumbukumbu, likiwemo lile la bwawa, ambamo panya huogelea akitafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji. Utafiti mmoja wa bwawa ulitumia kwa wastani panya 22. Tofauti yenyewe ilikadiriwa kuwa 0.49 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kutoka wastani), si kubwa wala si ya kupuuzwa. Kuinasa kwa uwezekano wa asilimia 80 kulihitaji panya 134. Kwa panya 22, nguvu ya kitakwimu, yaani uwezekano huo wa kuinasa, ilikuwa asilimia 18.

Asilimia 18 hiyo isomwe polepole. Maana yake, tofauti ipo kweli, na bado majaribio manne kati ya matano yatarudi yakisema hayakuona kitu. Tafiti zote za bwawa zilizojumuishwa zilitumia panya 420. Hao wangetosha majaribio matatu kamili ya panya 134, na wangebaki 18. Hesabu hii haidai panya hata mmoja wa ziada. Ni walewale 420, waliogawanywa vingine. Atakayejibu kwamba matokeo madogo madogo yanaweza kujumlishwa baadaye ana hoja, na hiyo 0.49 yenyewe ilipatikana kwa kujumlisha. Lakini kujumlisha kunataka yote yawe yamechapishwa, na yaliyorudi mikono mitupu ndiyo yanayosahaulika kabatini.

Hata lile jaribio moja linalofaulu, kufaulu kwake kuna kasoro. Panya 22 wakigawanywa 11 kwa 11, kizingiti cha kawaida cha asilimia 5 (matokeo hukubaliwa kama yangetokea kwa bahati tu chini ya mara 5 katika 100) hakivukwi mpaka tofauti iliyopimwa ifikie takriban 0.89. Ukweli ni 0.49. Kwa hiyo kila utafiti wa ukubwa huo uliotangaza kuiona tofauti ulilazimika kutangaza karibu maradufu ya iliyopo. Wala si lazima awepo mtu aliyedanganya. Kizingiti huchuja, na kinachopita ni kile tu kilichotiwa chumvi na bahati. Kisha maabara nyingine inasoma makala hiyo, inaichukua tofauti iliyovimba, inapangia idadi yake kwa tofauti hiyo, na inapata idadi ndogo tena.

Mwisho wa mnyororo huo kuna wagonjwa. Katika ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, mwaka 2008 watafiti wa taasisi moja ya Marekani walieleza jinsi walivyopima dawa zaidi ya 70 kwa panya wadogo wapatao 18,000, wakizingatia uzao na jinsia ya kila mmoja. Hakuna iliyorefusha maisha ya panya kwa kiwango cha kuaminika, zikiwemo zilizokwisha kusifiwa na tafiti ndogo. Minosiklini, dawa ya kuua bakteria, nayo ilikuwa imesifiwa kwa panya. Ilipopelekwa kwa wagonjwa 412, matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopewa dawa walidhoofika haraka kuliko waliopewa dawa bandia ya kulinganishia.

Ni kweli 134 si idadi ya kila jaribio. Dawa yenye athari ya mkengeuko sanifu mmoja na nusu huonekana kwa panya wanane au tisa katika kila kundi. Na kazi ya kupapasa, ile ya kutafuta swali lenyewe, haidaiwi ushahidi wa mwisho ilimradi ijitaje hivyo.

Pingamizi zito ni jingine, na watu wa upande wangu hupenda kulikwepa: kuongeza panya si lazima kuongeze taarifa. Dawa ikitiwa katika maji ya kizimba chenye panya watano, kilichopewa dawa ni kizimba kimoja. Panya 40 katika vizimba vinane ni vipimo huru vinane. Watoto 60 wa mama sita waliotibiwa wakiwa na mimba ni sita. Anayehesabu 60 anapata thamani ya p (ile inayopimwa kwa kizingiti cha asilimia 5) ndogo, ya kupendeza, isiyo na msingi. Hapo kamati ina haki kabisa ya kusema punguza: vizimba 16 vyenye panya wawili wawili ni panya 32, na kwa kawaida vitasema mengi kuliko wale 40.

Usanifu, basi, huokoa wanyama wengi kuliko makato. Idadi inayohitajika hufuata mraba wa mtawanyiko: mkengeuko sanifu ukishuka kwa nusu, panya wanaohitajika hushuka hadi robo. Jaribio likigawanywa katika mafungu ya wiki kwa wiki, kila fungu likiwa na makundi yote, tofauti za wiki huondolewa kwenye hesabu. Kutumia dume na jike pamoja hakudai kuzidisha idadi mara mbili, kama swali ni athari ya dawa kwa jumla. Mwanatakwimu Mwingereza Fisher alishalifundisha hilo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kupiga kura ya nani aingie kundi lipi, na kumficha mpimaji kundi la mnyama anayempima, hakugharimu panya yeyote. Bado uchunguzi wa makala 271 za tafiti za wanyama uliotoka mwaka 2009 ulikuta asilimia 87 hazikutaja kura na 86 hazikutaja kuficha.

Wapo wanaotafuta mtawanyiko mdogo kwa kufananisha kila kitu: nasaba moja, umri mmoja, chumba kimoja. Mwaka 1999 mtafiti Crabbe na wenzake walitoa matokeo ya maabara tatu, za Portland, Albany na Edmonton, zilizotumia nasaba zilezile, vifaa vilevile na ratiba ileile. Baadhi ya vipimo vya tabia vilitoa majibu tofauti kwa kila maabara. Ndiyo maana mimi napendelea jaribio la pamoja lenye mpango mmoja na uchambuzi mmoja. Maabara sita zenye panya 22 kila moja zina panya 132, karibu sawa na 134 za Button, na jibu lao halitakuwa la chumba kimoja. Kila kamati itaona mbele yake ombi la panya 22, lilelile inaloridhika nalo leo. Kikwazo ninachokiona ni cha kibinadamu zaidi: makala moja ya maabara sita ina nafasi moja tu ya jina la kwanza katika orodha ya waandishi.